Mgeni Mmoja, Wenyeji Wawili

Wazee walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno haya ni machache, lakini ndani yake mna swali ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa mtu mzima. Methali yamtaja mwenyeji, wala haiwataji wenyeji. Je, mgeni akija mmoja na wenyeji wakawa wawili, ni yupi atakayepona? Na wenyeji wakiwa watatu, au wanane, mgeni huyo atawatosha wote? Katika insha hii nataka kueleza jinsi swali hilo lilivyonijia siku moja mpakani Isebania, jinsi lilivyonipotezea ujira wangu, na jinsi lilivyonifundisha jambo ambalo ujira usingalinifundisha.

Nilizaliwa kusini ya mji wa Migori, mahali ambapo mtu akiamka mapema na kutembea kwa miguu, aweza kufika Tanzania kabla ya jua kuwa kali. Shangazi yangu, ambaye kwa Kijaluo twamwita waya, aliolewa upande wa Shirati, katika nchi ya Rorya. Tulipokuwa watoto tulikwenda kwake kwa arusi, kwa matanga, na wakati mwingine kwa sababu ya tamaa ya samaki wake tu. Hatukujua kwamba tulikuwa tukitoka katika dola moja na kuingia katika dola nyingine. Lugha ilikuwa ile ile, salamu zilikuwa zile zile, na hata mbwa walitubwekea kwa namna ile ile. Wakuria, majirani zetu wa mashariki, nao wako hivyo hivyo: wengine wako Kenya na wengine wako Tarime.

Shuleni ndipo nilipofundishwa kwamba kulikuwa na mpaka. Mwalimu alitueleza kuwa mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kuigawanya nchi. Walianza mstari wao mlangoni mwa mto Umba, karibu na Bahari ya Hindi, wakauzungusha mlima Kilimanjaro, kisha wakaunyosha mpaka Ziwa Victoria, penye digrii moja kusini ya ikweta. Nilipousikia ukweli huo nilishangaa sana. Niliona kwamba waliouchora mstari ule hawakumjua shangazi yangu, wala hawakuuliza njia ya kwenda kwake ilipita wapi.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya kuwaongoza watalii. Watu wengi hudhani kwamba mtalii akija Kenya hana budi kwenda Mombasa au Maasai Mara, na kwamba kwetu hakuna cha kutazama ila miwa, tumbaku na samaki. Dhana hiyo si ya kweli. Katika kaunti ya Homa Bay kuna bonde la Lambwe, na ndani ya bonde hilo kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120. Bonde hilo liliogopwa zamani kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, na huenda woga huo ndio uliowasalimisha wanyama wake. Lilitengwa kuwa akiba ya wanyama mwaka 1966, likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Humo ndimo walimobaki korongo, wale paa wakubwa wenye uso mweusi na mweupe, ambao hawaonekani tena penginepo katika Kenya. Ukitoka Homa Bay na kufuata ukingo wa ziwa hufika Mbita, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Rusinga. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, na huko huko mwaka 1948 Mary Leakey alikuta fuvu la kiumbe wa kale afananaye na sokwe, lililowastaajabisha wataalamu wa dunia.

Migori nayo ina hazina yake, nayo ni Thimlich Ohinga. Ni boma kubwa la mawe, lililojengwa yapata karne ya 16, na mwaka 2018 shirika la UNESCO liliandika jina lake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zina kimo cha mita moja na nusu hadi mita nne na nusu, na unene wa mita moja hadi tatu. Zimesimama karne nyingi bila chokaa, bila saruji wala udongo wa kuyashika mawe yake.

Nilizoea kuwaeleza wageni siri ya kuta hizo, na sasa nitakueleza wewe msomaji, kwa maana nitaihitaji siri hiyo baadaye. Ukuta wa ohinga una tabaka tatu. Upande wa nje mawe makubwa yamepangwa vizuri, na upande wa ndani vile vile. Baina ya nyuso hizo mbili waliozijenga walishindilia mawe madogo, ambayo mtu asimamaye nje hayaoni. Hakuna jiwe lililochongwa lifanane na jenzake. Kila moja limebaki na umbo lake, lakini limewekwa mahali ambapo uzito wake humtegemeza jirani. Milango ya boma ni mifupi na myembamba, hata mtu mzima huinama apate kupita. Adui asingeweza kuingia kwa kishindo, lakini mgeni mwenye adabu aliweza kuinama akaingia akakaribishwa.

Mwaka 2019 nilikabidhiwa wageni wawili, mtu na mkewe, walimu waliostaafu kutoka Ulaya. Walikuwa watu wapole, wenye kuuliza sana na kuandika kila walichoambiwa. Safari yao ilipangwa kuwa ya siku tisa. Tungetazama Rusinga, Ruma na Thimlich Ohinga, kisha tungevuka Isebania tuingie Tanzania, tupite Tarime, tufike Butiama alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere, na mwisho tuingie Serengeti. Niliifurahia sana safari hiyo. Kwa mara ya kwanza ningewaonyesha wageni nchi yetu kama nilivyoijua mimi utotoni, yaani nchi moja iliyolizunguka ziwa, wala si vipande viwili vilivyopakana.

Siku nne za kwanza zilikwenda vema. Siku ya tano tulifika Isebania. Kituo cha mpaka ni kizuri, nacho ni cha pamoja. Zamani msafiri alipanga foleni katika jengo la Kenya, akagongewa muhuri, kisha akaenda kupanga foleni nyingine katika jengo la Tanzania upande wa Sirari. Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, upande ule anaoingia msafiri, na kazi yote humalizika mahali pamoja. Wageni wangu walilipia viza ya Tanzania, pasipoti zao zikapigwa mihuri, nasi tukarudi garini. Ndipo ofisa mmoja aliponijia akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, wageni waweza kwenda. Wewe pia waweza kwenda ukitaka, maana u raia wa Afrika Mashariki. Lakini gari hili halitaingia mbugani."

Nilimwonyesha karatasi zangu. Akazisoma zote, akanirudishia, akasema kuwa gari la watalii la nchi moja haliruhusiwi kuwaingiza wageni katika mbuga za nchi nyingine. Huwafikisha mpakani, na hapo hupokewa na gari la wenyeji. Aliyenituma alikuwa hakunieleza jambo hilo, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa sikuuliza. Simu zilipigwa. Baada ya saa tatu gari la Kitanzania lilikuja, mizigo ikahamishwa, na wageni wangu wakaniaga kwa huzuni. Yule bibi aliniuliza, "Kwani wewe si mtu wa hapa?" Sikupata la kumjibu. Nililipwa ujira wa siku tano badala ya tisa, na fedha za siku nne zilizopotea zilikuwa ndizo karo ya mdogo wangu aliyekuwa kidato cha tatu. Muhula ule alikaa nyumbani majuma mawili.

Kabla gari halijaondoka nilizungumza na dereva wa Kitanzania, mzee wa makamo kutoka Musoma. Nilikuwa na hasira, nikamwambia, "Mzee, mwafunga mlango kwa nini? Sisi ni ndugu." Akanitazama kwa utulivu, akasema:

"Kijana, usinikasirikie. Wewe umenung'unika saa tatu, sisi tulinung'unika miaka mingi. Nilipokuwa mtoto wageni walishuka Nairobi, wakalala Nairobi, wakapanda magari ya Nairobi, wakaja kuwatazama simba wetu, kisha wakarudi kulala huko walikotoka. Sisi tulibaki na nini? Tulibaki na vumbi la magari na kazi ya kuwalinda simba."

Nikamjibu, "Lakini mimi si mtu wa Nairobi. Mimi ni mtu wa Migori."

Akacheka, akasema, "Basi wewe wayajua maneno yangu kuliko mtu mwingine yeyote."

Niliporudi Migori jioni ile peke yangu, maneno hayo yalikuwa yakinichoma. Nilikuwa nimezoea kulalamika kwamba wageni hushuka Nairobi, hurushwa kwa ndege ndogo mpaka Maasai Mara, kisha hupelekwa pwani, na kwamba Ruma yetu yenye korongo na ohinga yetu yenye sifa ya dunia hupitwa kama kijiji kisicho na jina. Lalamiko langu kwa Nairobi lilikuwa ni lalamiko la mzee yule kwa Kenya. Nililiona kuwa haki lilipotoka kinywani mwangu, nikaliona kuwa uchoyo lilipotoka kinywani mwake. Nyani haoni kundule.

Nikaanza kuyasoma mambo ya zamani, nipate kujua ugomvi huu ulitoka wapi. Nilikuta kwamba mwaka 1948 kilianzishwa chama kimoja cha kuvuta watalii waje Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja, na nchi hizo zilitangazwa ng'ambo kana kwamba ni nyumba moja yenye vyumba vinne. Chama hicho kilivunjika katikati ya miaka ya 1960, baada ya uhuru, kila nchi ilipotaka kujitangaza yenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1967, ikafa mwaka 1977, na katika mwaka huo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii yaliyokutwa upande wa pili yalizuiliwa. Meli zilizokuwa zikilizunguka Ziwa Victoria chini ya shirika moja ziligawanywa baina ya nchi. Mpaka haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Mwaka 1985 nchi hizi mbili zilipatana juu ya utalii, na katika mapatano hayo ndimo ilimotoka kanuni ya kubadilisha magari iliyonirudisha nyumbani.

Hata baada ya hapo amani haikuwa kamili. Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya watalii ya Tanzania yasiingie uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Mapema mwaka 2015 Tanzania nayo ilipunguza safari za ndege za shirika la Kenya kutoka 42 kwa juma hadi 14. Ilibidi Rais Uhuru Kenyatta na Rais Jakaya Kikwete wakutane Windhoek, Namibia, mwezi Machi 2015, ndipo ugomvi huo ukatulizwa. Tazama, msomaji, jinsi jambo lilivyoanza na magari madogo ya kubebea wageni, likafika mezani pa marais wawili. Anayefikiri kuwa utalii ni mchezo wa matajiri wenye kamera hajaliona jambo hili vizuri. Utalii ni mkate, na mkate ukigawanywa vibaya watu hugombana.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna lililofanywa. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kifungu chake cha 115 chazitaka nchi wanachama ziwe na njia moja ya kuutangaza utalii wao, zikubaliane juu ya mwenendo wa mawakala wa safari, na zipime hoteli kwa kipimo kimoja. Kipimo hicho cha nyota kimekwisha kutengenezwa, hata hoteli ya nyota tatu Kisumu na hoteli ya nyota tatu Mwanza zipimwe kwa rula moja. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutoa viza moja ya watalii, kwa dola 100 za Marekani na kwa muda wa siku 90, ambayo mgeni aweza kuitumia katika nchi zote tatu. Tanzania haikujiunga. Oktoba 2021 maonyesho ya kwanza ya utalii ya Jumuiya yalifanyika Arusha. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja heshima ya kuandaa mashindano ya mpira ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027. Haya yote ni mawe makubwa, nayo yamepangwa mahali pake.

Watu wengine husema kwamba dawa ni moja tu: fungueni milango yote, pasiwe na mpaka. Hutoa mfano wa nyumbu. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja hutoka Serengeti, huvuka mto Mara, huingia Maasai Mara, kisha hurudi, wala hawaulizwi pasipoti. Lakini binadamu aliye Mara, akitaka kuingia Serengeti ambayo aiona kwa macho, hawezi kupita pale Bologonja, maana njia hiyo ilifungwa kwa watalii tangu mwaka 1977. Hana budi kuzunguka mpaka Isebania, au Namanga. Mfano huo ni mzuri, na mimi mwenyewe niliutumia mara nyingi. Siku hizi nautumia kwa hadhari, kwa sababu tatu.

Kwanza, nyumbu hali mahali pamoja akaacha kinyesi mahali pengine tu. Hula pote na hurutubisha pote. Mtalii si hivyo. Hutoa fedha pale anapolala, na huacha taka pale anapopita. Pili, wako wataalamu wanaosema kwamba nyanda za kaskazini ya Serengeti ni dhaifu, na kwamba kama magari ya Mara yakiruhusiwa kufurika humo, kile kilichowaleta wageni kitaharibika. Hoja hiyo si kisingizio, yastahili kupimwa. Tatu, na hili nalikiri kwa haya kidogo, njia ile ya kuzunguka ndiyo iletayo baadhi ya wageni kwetu. Mwenye mgahawa wa Migori na mwenye nyumba ya wageni ya Isebania hupata riziki kwa sababu mlango mwingine umefungwa. Siku Bologonja itakapofunguliwa watapata hasara, nao hawakuulizwa lilipofungwa, na yumkini hawataulizwa litakapofunguliwa.

Kwa hiyo nimeamini kwamba sera ya pamoja si kuubomoa ukuta. Boma lisilo na ukuta si boma, na boma lisilo na mlango ni kaburi. Kazi ya sera ni kuutengeneza mlango: upana wake uwe kiasi gani, nani aulinde, na aingiaye akiacha kitu, kigawanywe vipi. Mlango uliofunguliwa bila mgao wa haki haudumu. Ulifunguliwa zamani namna hiyo, na mwaka 1977 tuliona mwisho wake. Mwenye nguvu hupita akashiba, mnyonge hubaki na vumbi, na siku mnyonge atakapopata ufunguo ataufunga.

Mgao wa haki waweza kufanywa. Mathalani, yafaa nchi zikubaliane kwamba mgeni akipita nchi mbili, alale angalau usiku kadhaa katika kila moja, na ada yake ya mbuga ipate kusaidia vijiji vya pande zote mbili. Yafaa kiongozi wa watalii aliyefaulu mtihani mmoja wa Jumuiya aweze kufanya kazi na mwenzake wa ng'ambo katika gari moja, wakigawana ujira, badala ya mmoja kumfukuza mwingine. Nchi zetu zimekwisha kukubali kwamba raia wa Afrika Mashariki alipe ada nafuu mbugani kuliko mgeni wa mbali. Kama tumeweza kumpunguzia ndugu bei ya kuwatazama simba, twaweza pia kumpa ndugu nafasi ya kuwaonyesha wengine simba hao. Wala hatuko peke yetu duniani katika shida hii. Zambia na Zimbabwe, ambazo kati yao kuna maporomoko makubwa ya Victoria, zilianza viza yao ya pamoja mwaka 2014, kwa kuwa zilitambua kwamba maji yaangukayo si ya upande mmoja.

Lakini nisije nikawatwika marais na mawaziri mzigo wote, nikajiondoa mimi. Nilipotazama nyumbani niliona kwamba hata sisi wenyewe tulikuwa na mipaka ya kujitakia. Ruma iko Homa Bay, nayo husimamiwa na idara ya wanyamapori; Thimlich Ohinga iko Migori, nayo husimamiwa na idara ya makumbusho. Mahali hapa pawili si mbali, lakini kila pamoja pana mlango wake na risiti yake. Viongozi wa watalii wa Homa Bay walimwambia mgeni habari za korongo na kunyamaza. Sisi wa Migori tulimwambia habari za mawe na kunyamaza. Kila mmoja aliogopa kwamba mgeni akiusikia uzuri wa kwa jirani ataondoka mapema. Matokeo yake mgeni aliona jambo moja, akasema kwamba kwetu hakuna mengi, akaenda zake. Tuliwezaje kuwalaumu Watanzania kwa kutotugawia Serengeti, ilhali tulikuwa hatujawagawia watu wa Homa Bay maneno?

Nikamtafuta yule dereva wa Musoma. Jina la kampuni yake lilikuwa ubavuni mwa gari, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu. Nilimpigia simu, nikamwomba radhi kwa hasira yangu, akasema alikuwa amekwisha kusahau. Kisha nikamweleza fikira yangu. Tangu siku hiyo tuna mapatano yetu sisi wawili, yasiyo na muhuri wala kifungu. Mimi nikipata mgeni, humweleza habari za Butiama na Serengeti, na akitaka kwenda humfikisha Isebania nikamkabidhi kwa mzee. Yeye akipata mgeni humweleza habari za korongo wa Ruma na kuta za Thimlich, naye humleta Sirari nikampokea. Kila mgeni tunayepeana, aliyempokea humpa mwenzake sehemu ndogo ya ujira. Tunaandika hesabu yetu katika madaftari mawili, moja kwake na moja kwangu, na mwisho wa mwaka tunayalinganisha, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisemi kwamba tumetajirika. Miaka iliyofuata ilileta ugonjwa wa korona, na mwaka 2020 madaftari yetu yote mawili yalikuwa meupe kwa miezi mingi. Lakini hatukuachana, na wageni waliporudi walitukuta mahali petu. Wenzetu wawili wa Homa Bay wamejiunga nasi, na sasa mgeni akija kwetu kwa siku moja mara nyingi hukaa tatu. Mdogo wangu alimaliza shule. Karo ya mwaka wake wa mwisho ilitoka kwa wageni wawili walioletwa Sirari na yule mzee, ambaye siku moja nilimwita mchoyo.

Kama mkipata nafasi, ninyi mlio shuleni, nendeni mkauone ukuta wa Thimlich Ohinga. Mawe makubwa ya nje mtayaona mara moja, nayo ni mikataba, viza na mikutano ya wakubwa. Pasipo hayo hakuna ukuta, wala mtu asiyadharau. Lakini mkiinama na kuchungulia mahali palipofunguka kidogo, mtayaona yale mawe madogo yaliyoshindiliwa katikati. Hayo ndiyo huzifanya nyuso mbili zisitengane zikaanguka, moja nje na moja ndani. Mikataba ya mwaka 1948 na 1967 ilikuwa na nyuso nzuri, lakini katikati palikuwa patupu, kwa kuwa dereva wa Musoma na mwenye mgahawa wa Migori hawakuwamo.

Baadhi yenu mtakuwa maofisa wa mpaka, na wengine mtaandika sheria. Huenda mmoja wenu ataketi Arusha katika meza ile ambayo sera hizi hujadiliwa. Siku hiyo akumbuke kuuliza swali la methali: mgeni amekuja, je, mwenyeji yupi amepona? Akijibiwa kwamba ni mmoja tu, aikatae karatasi ile mpaka iandikwe upya.

Shangazi yangu wa Shirati angali hai, na ni mzee sana. Mwaka jana nilimpeleka wageni wakala samaki wake, wakamlipa. Alizishika fedha zile, akazitazama, akauliza kama walikuwa wamepotea njia. Nikamwambia kwamba la, waya, hii ndiyo njia yenyewe.